Selfi za Redio

Mume wangu ni kinyozi, na wateja wake wanamwita Redio. Jina hilo hakulipata kwa kupenda taarifa ya habari. Ukikaa kwenye kiti chake utainuka umesikia habari za mtaa mzima, na zako mwenyewe utakuwa umeziacha pale bila kujua. Mimi ndiye ninayefua na kukunja taulo za duka, nikiwa benchi la nyuma, kwa hiyo hadithi zake nimezisikia kwa miaka ishirini na miwili, nyingine mara tatu tatu.

Duka lile lina desturi moja ambayo sikuipenda hata kidogo. Mteja akishanyolewa na kupakwa spiriti shingoni, hainuki. Anatoa simu, anainua mkono juu, anakunja midomo, anatafuta upande wake mzuri, na Redio anasimama nyuma yake, mkono mmoja begani kwa mteja, mwingine umeshika kitana. Ndipo wanapiga selfi. Si moja! Sita, saba, na wenzao wamejaa kwenye benchi wanasubiri. Nilikuwa nikiguna: "Uso umekuja nao, utaondoka nao, picha ya nini tena?" Wanacheka. Redio hunijibu kwamba mtu akijipenda dakika tano kwa siku hajamkosea mtu. Nadhani uso wa mume wangu umo ndani ya simu za nusu ya mji, nyuma ya vichwa vya watu.

Asubuhi moja chai ilimtoka pembeni mwa mdomo ikadondokea shati. Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Aliponigeukia, jicho la kulia halikupepesa, shavu la upande huo limelegea, na mdomo umevutwa kushoto. Nikaacha utani, nikamshika mkono tukatoka. Hospitali wakatuambia si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Atapona polepole, huenda kabisa, huenda si kabisa. Wakampa vidonge na kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

"Kila asubuhi jipige selfi," yule mama akamwambia. "Saa ile ile, ukuta ule ule. Inua nyusi, fumba macho, onyesha meno, piga mluzi. Kila Ijumaa unitumie moja. Mtu anayejiona kila siku haoni anavyobadilika."

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na huyu wangu alikuwa amezoea kusimama nyuma ya picha za watu. Sasa ameamriwa asimame mbele, peke yake, na uso ambao hakuutaka.

Aliendelea kufanya kazi, ila alivaa barakoa kuanzia mlangoni kwetu asubuhi mpaka mlangoni kwetu jioni. Na alinyamaza. Maneno yalimtoka yamelegea, akaona afadhali ayameze. Wateja wakauliza, "Leo Redio haina betri?" Naye akaitikia kwa kichwa tu. Kilichoniuma zaidi ni kitu kidogo. Mteja akiinua simu, Redio anakuja kwangu nyuma kuchukua taulo. Taulo nilishampa. Anasimama mbele yangu akiangalia sakafu mpaka picha iishe, kisha anarudi.

Katika siku hizo hizo kitinda mimba wetu akapiga simu. Alikuwa anamaliza chuo cha ufundi, fundi umeme, msichana pekee kwenye darasa lake, na mahafali yalikuwa baada ya wiki sita.

"Sitaki zawadi, Baba," alisema. "Nataka selfi moja tu. Mimi, wewe na Mama, wewe katikati."

"Uso ukinyooka nitakuja," akamjibu. "Usiponyooka, mama yako anatosha."

Simu ilipokatika nikampa vidonge vyake, na si vile vya hospitali. "Mtoto hakualika shavu," nilimwambia. "Amealika baba yake." Akaingia bafuni akafunga mlango.

Bafuni ndiko alikojipigia picha, saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi, mbele ya vigae vyeupe. Nilisikia simu ikilia ka, ka, ka, kisha maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuziona. Najua kupekua simu ya mume ni kutafuta maradhi ya moyo, lakini siku moja aliisahau kwenye chaji, nami nikaifungua. Nilikuta picha zaidi ya mia za mwanamume mmoja mwenye fulana nyeupe. Huku anainua nyusi, moja inapanda, nyingine inagoma. Huku amekunja midomo akijaribu mluzi, vile vile wanavyokunja wale vijana niliokuwa nikiwasema. Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Halafu nikaziangalia tena, ya kwanza na ya mwisho, na nikaona kwamba jicho lililokuwa wazi kabisa mwanzoni sasa lilikuwa linakaribia kufumba. Huyu mtu anapona! Lakini ningemwambiaje bila kueleza nimejuaje? Nikairudisha simu kwenye chaji.

Siku nne kabla ya mahafali, simu yake ikamponyoka ikaingia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Kesho yake alfajiri akaazima yangu. Nikasikia ka, ka, kisha ukelele.

"Ugonjwa umehama! Mama watoto, umehamia upande wa pili!"

Alinisukumia simu. Kwenye picha, kweli, shavu lililolegea lilikuwa upande usio wake wa kila siku. Nami nikaingiwa na baridi. Nilijua ugonjwa ulikuwa kulia. Nilimfuta uji upande huo kwa mikono yangu. Hatukunywa hata chai. Nilitupia kanga begani, yeye akaingiza miguu kwenye viatu bila soksi, tukatoka miguu niponye mpaka kliniki, yeye mbele, mimi nyuma nikihema.

Mama wa mazoezi ndiyo kwanza alikuwa anafungua madirisha. Akasikiliza, akaangalia picha, akamshika kidevu mume wangu akamgeuza huku na huku. Kisha akakata kipande cha plasta akambandika shavu la kulia.

"Simama mbele ya kioo. Plasta iko upande gani?"

"Huku, kulia."

"Sasa jipige kwa simu ya mkeo. Haya, iangalie picha."

Kwenye picha plasta ilikuwa imekaa kushoto. Redio akajigusa shavu. Plasta ilikuwa pale pale.

"Simu yako ile iliyokufa ilikuwa inahifadhi picha jinsi kioo kinavyoonyesha," akasema yule mama. "Hii ya mkeo inahifadhi jinsi sisi wengine tunavyokuona. Ugonjwa haujahama popote. Na wewe ni kinyozi! Unashinda mbele ya kioo, wewe ndiye ulipaswa kunifundisha mimi."

Akatoa simu yake, akamwonyesha picha za Ijumaa zote, moja baada ya nyingine. Alizipitisha haraka, akarudia. Mume wangu akaona nilichokiona juu ya ndoo. Jicho likifumba kidogo kidogo, shavu likirudi, mdomo bado umeenda upande lakini si kama mwanzo. Akaanza kucheka. Alicheka vibaya, upande mmoja, mate kidogo yakamtoka, na hakuweka mkono mdomoni.

Kisha ghafla akajishika uso.

"Barakoa yangu iko wapi?"

"Msumarini, bafuni," nikamwambia.

"Nimepita mtaani hivi?"

"Umepita mtaa mzima. Fundi viatu amekusalimia. Mwalimu amekuuliza unafungua saa ngapi."

"Nikasema nini?"

"Ukasema saa tatu, usichelewe."

Tulirudi pole pole, na saa tatu alifungua.

Jumamosi aliamka kabla yangu akapiga pasi shati. Barakoa niliiona akiitia mfukoni. Chuoni umati ulikuwa umejaa uwanjani, kila familia imebanana chini ya mkono ulioinuliwa na simu, na binti yetu akaja mbio na joho limemtoka bega moja. Akainua simu yake. Nikaiona miguu ya mume wangu ikisogea pembeni, ile hatua moja ya kuja kuchukua taulo. Hapakuwa na taulo. Binti akamshika kiwiko.

"Wewe katikati, Baba. Tulikubaliana."

Alisimama katikati. "Cheka," binti akasema, na nusu ya uso ikatii. Jicho la kulia lilikuwa likitoka machozi, kama lilivyozoea siku hizo. Tulipiga nyingi, na nilikuwa wa kwanza kudai turudie.

Moja tuliisafisha, na sasa imebandikwa dukani kando ya kioo kikubwa. Wiki iliyopita mteja mgeni aliitazama akiwa amefungwa kitambaa shingoni, na wengine wote kwenye benchi walijua anachotaka kuuliza wakajifanya wanasoma simu zao.

"Fundi, mbona hapa umecheka upande mmoja?"

Redio akazima mashine. Nami nikaacha kukunja taulo.

"Upande mwingine ulikuwa unalia," akasema. "Siku hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kufanya na uso mmoja. Inamisha kichwa."