Mshale Niliousimamisha kwa Waya

Jina langu liacheni, maana Kitui ni ndogo na Kilungu ni ndogo zaidi. Jueni tu kwamba lori la shemeji yangu nililiua mimi. Si barabara, si mzigo, si shetani. Ni mimi!

Ilikuwa miaka ya themanini. Shemeji Mutua, kaka wa mke wangu Ndunge, aliuza ng'ombe wake wote na shamba lake la michungwa huko Kilungu ili anunue lori. Yeye hakujua lolote kuhusu magari. Aliyejua ni mimi, au ndivyo nilivyowaambia wakwe zangu. Ukweli ni kwamba kwenye gereji ya Kitui mjini nilikuwa naosha vyuma na kushika tochi. Ah, mdomo huu!

Lori tulilipata huko Zombe, kuukuu lakini lenye sauti nzuri. Nililijaribu barabarani, Mutua kando yangu. Kila nikikanyaga mafuta, mshale wa presha ya oili unashuka mpaka karibu na sufuri. Hata mimi nilijua kwamba injini isiyopata oili hufa.

"Hiyo kitu inashuka ni nini, shemeji?" Mutua akauliza.

Ningesema sijui, tungetafuta anayejua. Lakini nilitamani sana kuwa dereva wa lori lile. "Ni geji tu," nikamwambia. "Hizi za zamani zinadanganya watu."

Akaitikia kwa kichwa, akanunua. Wasomaji wa kwetu wataelewa. Shemeji kwetu Ukambani ni muthoni, mtu wa heshima, unamchagulia maneno. Humwambii muthoni kwamba anasema uongo. Ukimshuku, unameza. Nilijua hivyo, na nikajificha hapo.

Kumbe nilikuwa nimejifungia mwenyewe! Kila safari mshale unaanguka, na kila safari Mutua ameketi pale pale kando yangu, macho kwenye dashibodi. Haulizi tena. Anatazama tu. Nikaweka oili nzito. Nikachanganya na oili ya gia. Mshale ukapanda siku mbili, ukarudi chini.

"Kwani hiyo lori iko na nini?" Ndunge aliniuliza nyumbani kwetu Matinyani. "Tangu ije haucheki."

"Haina kitu."

"Basi wewe ndio uko na kitu. Ambia kaka yangu ukweli."

Nikamfokea, Mungu anisamehe. Kusema ukweli kulikuwa pia kusema kwamba nilijua tangu Zombe. Jana nilikuwa nimechelewa, leo nimechelewa zaidi.

Asubuhi moja nikafungua boneti, nikachomoa waya wa geji kwenye injini. Nikauunga na kidude kidogo cha mistari ya rangi, kile cha kupunguza umeme, nilichokitoa kwenye redio mbovu, kisha nikaufunga kwenye chuma cha lori. Nilijaribu vidude vitatu mpaka mshale ukasimama katikati kabisa. Tangu hapo ukiwasha swichi tu unasimama hivyo, presha iwepo isiwepo.

Mutua akapanda, akaangalia, akacheka kwa furaha. "Leo iko sawa kabisa! Wewe ni fundi kweli, shemeji."

Nilitaka kulia. Sasa hata mimi mwenyewe sikuwa naona kitu.

Siku ya tatu tulibeba saruji ya kanisa lao, tukaanza kupanda milima ya Kilungu. Katikati ya mlima nikasikia injini inagonga, ko, ko, ko. Kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde, hakuna pa kugeuzia. Na nikisimama, nitasema nasimama kwa nini, mshale ukiwa mzuri hivyo?

"Kuna kitu inagonga," Mutua akasema.

"Ni mawe ya barabara." Niliendelea kukanyaga. Niliendelea kukanyaga, jamani!

Ikapasuka kwa kishindo, injini ikafa. Nikashika breki kwa miguu yote miwili, Mutua akaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha akarudi ndani, akaketi. Oili ilikuwa inamwagika barabarani na swichi sikuwa nimezima. Akautazama mshale muda mrefu. Ulikuwa umesimama katikati.

"Shemeji," akaniuliza kwa upole, "injini imezima. Sasa hii inapima nini?"

Nikanyoosha mkono, nikazima swichi.

Tulivutwa mpaka Kitui kwa fundi mmoja mzee. Akafungua chini. "Presha ilikuwa inashuka saa ngapi? Ukisimama ama ukikanyaga?"

"Nikikanyaga."

"Ingeshuka ukisimama na injini ni moto, ningesema beringi zimeisha. Ukikanyaga, angalia chujio kwanza." Akanionyesha chujio la oili limejaa tope jeusi. "Hii ni kazi ya asubuhi moja. Unafungua, unaosha, unafunga. Na wewe ukaongeza oili nzito? Itapita wapi? Sasa hii injini ni ya kuuza chuma."

Mutua alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia kila neno.

Ninyi mnaoshika magari ya watu, nawasihi. Mshale ukianguka, semeni umeanguka, hata kama aliye kando yako ni muthoni, hata kama ni mama mkwe. Kama hujui, sema hujui. Aibu ya siku hiyo ni ndogo sana, naapa!

Mutua leo anachuma machungwa kwa kibarua kwenye shamba lile lile aliloliuza. Nikienda kwake ananipokea kwa mikono miwili, ananitolea kiti, anamwambia mkewe aweke chai. Waya ule hajautaja hata siku moja. Heri angenipiga. Ninakunywa ile chai nikingoja aniulize tena, ili safari hii nimjibu, na yeye ananiuliza habari za watoto.