Boma la Mtu Asiye na Ng'ombe

Waliofilisika kweli ninawajua. Huku juu milimani kuna mkulima aliyepanda vitunguu saumu shamba zima mwaka bei ilipoanguka. Aliuza maksai wake wa kulimia, akaacha kuja kwenye vikao vya harusi, na ukimsalimia anajibu huku anatazama viatu vyako. Mtu wa namna hiyo hatangazi. Ukimkuta njiani unamsindikiza kidogo, unazungumzia mvua.

Yule wa Hirbadaw, kule bondeni, alitangaza kufilisika kwake kama mtu anayealika watu kwenye ubarikio.

Tulimwita Mheshimiwa kwa sababu yeye mwenyewe alitaka aitwe hivyo. Aliwahi kugombea udiwani, akashindwa, lakini cheo akarudi nacho nyumbani kama mtu anayetoka harusini na sahani isiyo yake. Alizaliwa Masieda, huku huku juu, akateremka Hanang akiwa kijana, akafungua duka, akanunua lori, akajenga boma kubwa la ng'ombe. Akija kanisani huku kwetu, alikaa benchi la mbele na kukohoa kabla ya kutoa sadaka, ili tugeuke.

Shangazi yangu anaishi Daudi. Kwake malisho ni ukingo wa shamba na njia ya kwenda kisimani, basi. Kwa hiyo zamani, kama wengi wetu tulivyofanya, aliweka ng'ombe wake bondeni kwa mtu mwenye nafasi, na mtu huyo alikuwa Mheshimiwa, ambaye ni wa ukoo wetu. Kama hujakulia huku, nikueleze, maana bila hili hutaelewa mengine. Ng'ombe akiwekwa kwa mtu, anayefuga anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akizaliwa, unaletewa habari. Akifa, unaletewa ngozi. Hakuna karatasi inayoandikwa. Kuna alama ya sikio, na kuna majirani wanaojua.

Mwaka huu binti ya shangazi alirudi nyumbani na watoto wadogo baada ya ndoa kuvunjika. Maziwa wakawa wananunua kwa kikombe. Shangazi akaamua kumrudisha ng'ombe wake na uzao wake wote, ili binti aanze maisha na kitu. Hakuwa na kingine cha kumpa. Akampigia Mheshimiwa simu, nami nikiwa nimekaa naye jikoni, sauti imefunguliwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wazima?"

"Shangazi, mambo ya mahakama ni mazito sana."

"Sijauliza mahakama. Nimeuliza ng'ombe."

"Ndiyo nakueleza. Mahakama imenitangaza muflisi. Wamechukua vyote, kuanzia lori hadi ndama. Hata kiti hiki ninachokalia si changu."

"Basi simama," shangazi akasema, akakata simu.

Halafu akanigeukia, uso umebadilika. "Mwanangu, mahakama inaweza kuchukua ng'ombe wangu kwa deni la mtu mwingine?"

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na swali likiulizwa vizuri namna hiyo siwezi kulala nalo. Nikamwambia nitaenda kuangalia. Alishangaa. Kama watu wengi, aliamini kwamba kinachoandikwa mahakamani kinafungiwa kabatini, na ufunguo wanao wakubwa. Si kweli, na watu kama Mheshimiwa wanaishi vizuri kwa sababu sisi tunaamini hivyo.

Kwanza ujue mahakama ipi. Tumezoea Mahakama ya Mwanzo, kwa mirathi na kesi za mbuzi kula mahindi. Mtu kutangazwa muflisi ni jambo la Mahakama Kuu, na kwetu sisi ni safari ya Babati. Hilo nililijua kwa kupiga simu na kuuliza. Aliyepokea alinieleza kwa adabu kabisa, na kuuliza hakulipiwi.

Nje ya jengo, chini ya mwavuli wa wakala wa fedha, alikuwepo kishoka. Kila mahakama ina mmoja: si wakili, si karani, lakini amevaa tai. Huyu alivaa tai na kandambili.

"Shikamoo, mama. Unatafuta jalada?"

"Marahaba. Ndiyo."

"La nini?"

"La mtu aliyefilisika."

Akavuta pumzi kama fundi aliyeonyeshwa injini iliyokufa. "Hayo ni magumu, mama. Yana usiri. Mpaka niingie kwenye mfumo."

"Mfumo gani?"

"Mfumo wenyewe."

"Unaitwaje?"

"Mama, ukianza kuuliza hivyo tutachelewa."

Nilimwangalia vizuri. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki, imechakaa pembe, na ninaamini hadi leo kwamba haikuwa na kitu ndani. Wezi wa kuku nawaheshimu zaidi, maana wao angalau hutoka gizani wakafanya kazi. Huyu anakaa kivulini akimuuzia mkulima mlango ulio wazi. Nikampita.

Ndani unahitaji barua fupi ya kuomba kukagua jalada, unamwandikia msajili. Sema wewe ni nani, unamtafuta nani, na jambo hilo linakuhusu vipi. Usiweke sheria usizozijua, na usilalamike. Mimi niliandika: shangazi yangu ana ng'ombe kwenye boma la mtu huyu, naye mtu huyo anasema mahakama imemchukua ng'ombe. Utapewa namba ya malipo, unalipa ada kwa simu, risiti unaitunza. Ukiambiwa usubiri, subiri. Kusubiri si kuonewa.

Masjala, ambako majalada hutunzwa, karani aliniuliza namba ya shauri. Sikuwa nayo. Hilo lisikutishe, wanaweza kutafuta kwa jina, ila liwe jina aliloapa nalo, majina yote matatu. Nililitoa lile tunalolijua huku. Karani akatafuta kwenye kompyuta, kisha kwenye daftari. Hakuna.

"Hana jina la ubatizo?" akauliza.

Nikampigia shangazi. "Ninalo," akasema. "Mimi ndiye niliyembeba siku hiyo. Alilia tangu mlangoni, na hajawahi kunyamaza." Akanitajia jina, na la baba, na la babu.

Jalada likaja.

Kwa hiyo alikuwa muflisi kweli, na moyo ulinishuka. Nikawaza binti yule na kikombe chake. Lakini nawashauri mnaosoma jalada kwa mara ya kwanza msikimbilie uamuzi na kufunga. Tafuteni orodha ya mali na madeni, ile ambayo mwombaji mwenyewe ameijaza na kuiapia. Huko ndiko mtu anaongea kwa mdomo wake. Nikaisoma kwa kidole, kama ninavyowafundisha watoto. Lori, bovu. Duka, la kupanga. Meza, makabati. Kisha mifugo. Mbele ya neno hilo, kwa mwandiko wa kujivunia wenye mikia mirefu: *hakuna*.

Nilirudia kusoma. Hakuna. Si ng'ombe, si mbuzi, si kuku. Mahakama haikuchukua ng'ombe wa mtu yeyote, kwa sababu iliambiwa hawapo. Wadai wake aliwaambia hana mifugo. Sisi alituambia imechukuliwa. Na ng'ombe wenyewe, wake na wetu, walikuwa bondeni wanakula majani.

Nimekutana na waongo wengi. Huyu alinichefua kwa namna ya pekee, kwa sababu uongo wake ulikaa juu ya mgongo wetu. Alijua hatuna karatasi. Alichukua kitu kizuri tulichonacho, kuaminiana bila kuandikishana, akakigeuza kichaka cha kujifichia.

Nikaomba nakala iliyothibitishwa, nikalipia, nikapanda basi. Nilipomsomea shangazi, aliniomba niurudie mstari wa mifugo. Kisha akacheka hadi akashika meza.

"Ameapa hana ng'ombe hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi twende akatuonyeshe hao asio nao."

Tulimkuta Hirbadaw kwenye kile kile kiti, kivulini, simu mkononi. Tulikuwa na mwenyekiti wa kitongoji, na majirani wakaja wenyewe walipotuona, akiwemo mama mmoja wa Kibarabaig ambaye boma lake limepakana na la Mheshimiwa. Nyuma ya kiti chake Mheshimiwa, boma lilikuwa limejaa. Ng'ombe walikuwa wametoka kunywa maji.

"Bado umekaa," shangazi akasema.

"Karibu, shangazi. Karibu, mwalimu. Kama nilivyosema, mambo ya mahakama..."

"Nimetoka huko," nikasema, nikampa mwenyekiti nakala. Akaisoma kwa sauti, polepole, hadi kwenye mifugo. Alipofika hapo akainua macho akatazama boma, akatazama karatasi, akatazama tena boma.

"Mheshimiwa, hawa ni wa nani?"

Mheshimiwa aliitazama simu yake. Akisema ni wake, basi ameapa uongo mbele ya Mahakama Kuu, na kijiji kizima kimesikia.

"Ni... wa watu," akasema.

"Watu gani?" akauliza yule mama jirani.

"Watu mbalimbali."

"Na yule dume mwekundu aliyekanyaga mtama wangu? Ukanijibu dume la Mheshimiwa halilipi? Naye ni wa watu?"

"Wa watu."

"Afadhali. Nikimkamata sasa sitamkosea mheshimiwa yeyote."

Watu wakacheka, na yeye pia akajaribu kucheka. Shangazi hakucheka. Alikwishaingia bomani, anapita katikati ya ng'ombe, anawagusa masikio. Akamsimamisha wa kwanza, mweusi mwenye baka tumboni, sikio la kushoto lina alama aliyoikata kaka yake kabla ya kumleta huku. Akaonyesha mtamba. Akaonyesha mwingine, na ndama wake wa kiume.

"Huyo ndama, shangazi," Mheshimiwa akainuka, "huyo nadhani ni..."

"Ni wa nani? Sema. Mwalimu ana kalamu."

Mtu yule, ambaye kwa miaka yote sikuwahi kumwona akikosa neno, hata msibani, alikaa chini kwenye kiti alichotuambia si chake.

Majirani walithibitisha alama, mwenyekiti akaandika na kugonga muhuri, tukawatoa na kuwapakia kwenye gari la kukodi. Ndipo akanifuata hadi kwenye gari, sauti ya chini.

"Mwalimu, sisi ni wa nyumba moja. Hawa waliobaki, tuwaache tu walivyo."

"Si umesema si wako? Nitamwandikia msimamizi wa mali aje awatafutie wenyewe."

Nikaandika. Mtu anayeteuliwa kusimamia mali ya muflisi ana anwani, ipo kwenye jalada, na barua kwake haihitaji tai. Wenye alama zao walikuja wakawatambua ng'ombe wao. Waliobaki bila wa kuwasemea walihesabiwa kwa ajili ya wadai, dume mwekundu akiwa wa kwanza.

Ng'ombe mweusi hakupenda baridi ya Daudi, kwa siku kadhaa alisimama akitazama bondeni. Sasa amezoea. Binti wa shangazi ndiye anayekamua, na kikombe cha kununulia kimebaki cha chumvi. Mtamba alipozaa, shangazi alichukua simu akampigia Mheshimiwa, mbele yangu, sauti imefunguliwa.

"Nakupa habari ya ndama," akasema. "Ndama akizaliwa, habari inapelekwa. Ulisahau, ndiyo nakufundisha."

Upande wa pili alikohoa tu. Hapakuwa na mtu wa kugeuka.