Mama Mikate na Chembe ya Mwisho

Alizaliwa tarehe tatu Machi, mtoto wa kwanza wa mwokaji na mshonaji, akajua kukanda unga kabla ya kujua kusoma. Alipotimiza miaka kumi na tisa paroko alimkabidhi kazi ya kuoka hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo, naye aliifanya kwa miaka thelathini na minne katika chumba kimoja nyuma ya sakristia: unga, maji, chuma cha moto, basi. Kila asubuhi alionja moja kabla hazijapelekwa altareni, kwani alisema hawezi kuwalisha watu kitu asichokijua. Waumini walimwita Mama Mikate.

Alipokuwa na miaka hamsini na tatu, Kwaresima ilipoanza, aliacha nyama, kisha wali, akabaki na uji. Nguo zikampwaya. Waumini wakastaajabu, wakawa wanamfuata awaombee, wakisema huyu ndiye anayejua kufunga. Hata Pasaka alipokataa chakula, walizidi kumheshimu. Ni mdogo wake tu, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, aliyeingiwa na wasiwasi.

"Dada, Pasaka hata malaika wanakula. Una nini wewe?"

Ingependeza kuandika kwamba alijibu palepale. Hakujibu. Sifa ni tamu, na aliogopa kusikia jina la ugonjwa. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, alisimama mbele ya wote akasema: "Msinisifu. Mimi sifungi. Chakula kinakwama kifuani, na nimewaficha."

Hospitalini daktari alikuta saratani ya umio, imekwisha kuziba njia. Wakamlisha kwa mpira ulioingizwa tumboni, naye akavumilia. Kilichomliza ni Komunyo: aliyewaokea wengine sasa hakuweza kuimeza. "Bwana ananipita," alimwambia mdogo wake.

Tarehe kumi na moja Novemba, pumzi zikimwishia, padre alimega chembe ya hostia, ndogo kama punje ya chumvi, akaiweka katika kijiko cha maji. Mdogo wake alimwinua. Koo likapanda, likashuka.

"Imepita," alisema, akatabasamu. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameaga dunia. Daktari, ambaye si mtu wa sala, alisema kwa wiki mbili hata mate yalikuwa hayapiti. Kisha akavua miwani, akasimama pamoja na wengine.

Leo fundi cherehani ndiye anayeoka hostia, na kila amwonaye amekonda humuuliza: "Unafunga, au chakula hakipiti?" Wapo waliopona kwa kuulizwa mapema. Nasi tukitaka kumwiga Mama Mikate, tusianze na njaa yake. Tuanze na Jumapili ile, alipowaambia kweli watu waliokuwa wakimsifu.