Nilimwambia mama mmoja kila Jumatatu "mwanao hayuko", kumbe Python ilikuwa inasoma folda ya zamani

Wakuu, salama? Hili nimelibeba miaka mingi, leo nalimwaga kama lilivyo, bila chumvi.

Bujumbura, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vita bado. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Rohero, kazi ni kuunganisha watoto waliopotea na wazazi wao.

Intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Library za Python, yaani msimbo ulioandikwa tayari, zilikuja kwa disketi, tunazikopi kando ya programu, tunaandika import kuziita, maisha yanaenda.

Library ya kulinganisha majina, "majina", aliiandika rafiki wa Ulaya. Ilidai mtoto na mzazi washiriki jina la ukoo.

Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake! Mimi na baba yangu mzazi hatufanani jina.

Nikairekebisha, nikaweka toleo jipya kwenye folda ya "lib", nikaiongeza kwa sys.path.append kwenye orodha ya folda ambazo Python hutafuta. Nikajipongeza, sikujaribu chochote.

Kila Jumatatu alikuja mama mmoja aitwaye Mariamu, wa mtaa wa Nyakabiga. Alipotezana na binti yake Zaina siku walipokimbia risasi.

"Mwanangu, angalia tena."

"Apana, mama. Hayuko."

"Haya. Mi nitarudi, inshallah."

Miezi minne hivyo. Orodha ilikuwa ndefu, nami niliiamini mashine kuliko macho yangu.

Siku moja, basi tu, nikachapisha majina.__file__, inayoonyesha library imesomwa kutoka faili gani. Wakuu, njia iliyotokea haikuwa ya "lib"!

Python ilikuwa inasoma nakala ya zamani, niliyoiacha kando ya programu. Folda ya programu hutafutwa kwanza, na append huweka yako mwisho kabisa. Marekebisho yangu hayakuwahi kusomwa hata mara moja.

Nikafuta nakala ile, nikaendesha upya. Zaina akatokea. Yupo hai, katika kituo cha watoto upande wa Zone Industrielle, eneo la viwanda, na yumo kwenye orodha tangu wiki ya kwanza.

Nililia pale ofisini, sifichi.

Mama alipokuja nilimweleza kosa langu lote. Nilingoja matusi. Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"We si uko na baba? Ungeandika kwanza jina yako na ya baba yako, ungeona inawakataa."

Kisha akaniomba nimpeleke kwa mtoto wake.

Somo: kabla ya kuamini import, uliza __file__. Nyinyi mnahakikishaje? Hata wa kunisema, karibuni.

Mimi mpaka leo, jaribio la kwanza ni jina langu na la baba.