Kona za Mwese na mama mkwe

Nyie, leo nusura nimwingize mama mkwe mtaroni.

Nilikuwa nampeleka nyumbani Mwese na gari yangu ya turbo. Amekaa mbele.

Kosa ni langu. Nilipita vituo vyote vya Mpanda mjini nikijua mafuta yanatosha. Hayakutosha. Njiani nikanunua petroli ya chupa, ile ya kuchakachuliwa, na tulipoanza kupanda mlima injini ikawa inagonga, nguvu hakuna.

Basi nikakanyaga zaidi.

Katikati ya kona turbo ikashika ghafla, nguvu ikaja yote, gari ikaruka mbele. Nyuma ikateleza kwenye changarawe, tukasimama ukingoni mwa mtaro.

Nikavuta breki ya mkono.

Mama akasema taratibu, "Baba, mwendo unapunguzwa kabla ya kona. Ukishaingia, usikanyage mafuta mpaka uone barabara imenyooka."

Kumbe enzi zake za unesi alipeleka chanjo vijiji hivi kwa pikipiki, miaka mingi! Na mimi ndiye najiita dereva.

Kona zilizobaki nilifuata maneno yake.

Tulipofika, baba mkwe akauliza safari ilikuwaje. Nikajifanya nakagua tairi.

"Salama," mama akajibu. "Mkwe wetu anaendesha vizuri."

Mngekuwa mimi, mngekula chakula cha mchana nilichoandaliwa kwa uso gani?