Rangi Juu ya Shoki Mbovu

Falonne alinusa rangi mbichi kabla hata hajavua koti. Jana yake hakuwa kazini. Alishinda kwenye foleni ya vibali vya ukaazi. Sasa, juu ya meza yake katika gereji ya Mugambi pale Kensington, Johannesburg, shoki nne za pikipiki za theluji zilikuwa zimepangwa, zinang'aa kama mpya. Kila moja ilifungwa kikaratasi: Imehudumiwa na Falonne.

Hakuwa amezigusa.

Pikipiki hizo zinatumika milimani Lesotho, kwenye kituo cha watu wanaoteleza juu ya theluji. Mbele zina vyuma bapa badala ya gurudumu, nyuma mkanda mpana unaozunguka. Baridi ikikaribia, shoki zake, yale mabomba yenye springi, oili na gesi yanayomeza mishindo, huletwa kwa Mugambi kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya.

Aliibana moja kwenye jiriwa, akapachika kipimo cha gesi. Mshale haukutikisika: ndani hamkuwa na gesi. Akaifungua. Oili ikamiminika kwenye karai, nyeusi, imechanganyika na maji, inanuka uvundo.

"Mugambi!"

Siku zote alimwita kaka. Mugambi akatoka ofisini na kikombe cha chai.

"Mama Joël, usianze. Dereva yuko njiani. Theluji yenyewe ni laini kama godoro, nani atajua?"

"Umeandika jina langu!"

"Si ni kazi yako?"

"Kazi yangu ni kufungua. Wewe umepiga spreyi tu! Na ni wewe uliyenikataza kurudisha mpira wa sili wa zamani, hata mmoja!"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alipofika kutoka Bukavu alikuwa akisuka nywele mtaani Hillbrow, mpaka Mugambi, Mkenya waliyesali naye kanisa moja, alipomwambia aje ajaribu gereji. Alimfundisha kwa subira. Toa gesi kwanza, la sivyo kifuniko kitakurukia usoni. Inua ufito, kile chuma kinachoingia na kutoka bombani, kwenye mwanga, utafute mkwaruzo. Falonne alimheshimu kama ndugu wa tumbo moja.

"Bila mimi ungekuwa bado unasuka," Mugambi akasema.

Spana ilikuwa mkononi mwa Falonne. Akaiweka chini, kwa sababu alijiogopa.

Wakati huo huo Sidney, dereva wa kile kituo, akaingia akipangusa viatu. "Sharp! Ziko tayari?"

"Tayari," akasema Mugambi.

"Hazijafunguliwa," akasema Falonne. "Zimepakwa rangi tu. Njoo uone hii oili."

Sidney akainama juu ya karai, akatazama, kisha akamgeukia Mugambi. "Mimi ndiye ninayeziendesha. Nyuma nakokota machela ya majeruhi. Mtu tayari mguu umevunjika, nipinduke naye?"

Mugambi akarudi ofisini na chai yake.

"Nitazifanya sasa," Falonne akasema. "Ukiweza kungoja, ngoja."

Alifanya kazi kwa hasira, lakini mikono hakuiharakisha. Alibadilisha sili zinazozuia oili isivuje, akamimina oili mpya, akavuta na kusukuma fito polepole mpaka mapovu yakaisha, ndipo akajaza gesi. Tatu zilikubali. Ya nne ufito wake ulikuwa umeliwa na kutu, na sili yoyote ingechanika hapo.

"Hii haitoki hapa mpaka ufito mpya uje," alisema. "Pikipiki yake isiendeshwe."

Sidney alipakia zile tatu. Alimpa Falonne mkono, lakini hakumuaga Mugambi.

"Umeniaibisha mbele ya mteja," Mugambi akafoka gari lilipoondoka.

"Umejiaibisha mwenyewe. Ungenipigia simu ningeacha foleni."

"Eish, mwanamke wewe! Kelele zote hizi kwa rangi?"

"Kwa huyo wa kwenye machela!"

Wiki nzima walifanya kazi, na Falonne hakumwita kaka hata mara moja. Ijumaa Mugambi alisimama kando ya meza yake, akasema chini chini kwamba alikosea. Falonne akajibu, "Nimesikia," akaendelea kusugua springi.

Jumapili, nje ya kanisa, Kathambi, mke wa Mugambi, alimshika bega. "Dada, mbona siku hizi huji kwetu kunywa chai? Tumekukosea nini?"

Falonne alimwona Mugambi akijificha nyuma ya gari lake.

"Muulize mumeo," akasema. "Na asimalize kukujibu mpaka akwambie yote."

Akamshika mwanawe Joël mkono, akaondoka.