Mikono ya Marijke

Kwa miaka kumi na saba Ersilia Mengozzi aliwafundisha wageni kusukuma unga wa tambi jikoni kwake, katika mji mdogo wa vilimani nyuma ya Faenza, Italia, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mgeni kwamba amejua. Aliwaambia wamejitahidi. Kujua, kwake, lilikuwa jambo jingine: unga utandazike mezani mpana kama shuka, bila tundu wala ukingo mnene, mwembamba kiasi kwamba ukiuinua dirishani unaona vidole vyako upande wa pili. Yeye mwenyewe alifika hapo akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya kuchapwa vidole na mama mkwe wake kwa miaka minne.

Alikuwa mfungashaji wa mapichi kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, mumewe Nevio, dereva wa lori la chama cha wakulima, ndiye aliyekuja na wazo la wageni. Waje kwa siku tatu, walale vyumba vya juu. Asubuhi Ersilia awafundishe kupika, mchana Nevio awatembeze kuonja vya watu: sokoni, buchani, kwenye kinu cha zeituni, kwa Gaudenzio mtengeneza jibini. Nevio alikuwa na mdomo. Kiingereza chake hakikuzidi maneno mia mbili, lakini aliyatumia yote kila siku, na wageni walipoondoka walimkumbatia yeye kwanza.

Marijke alikuja mwezi wa Oktoba. Alikuwa mjane wa Kiholanzi, mrefu, mkimya, fundi wa kujalidi vitabu. Asubuhi ya kwanza wenzake walipokuwa wakipakana unga puani na kupigana picha, yeye alikanda donge lake bila kusema neno. Ersilia akapita nyuma yake, akasimama. Mikono ile haikuwa ikipambana na unga. Ilikuwa ikiusikiliza.

Akarudi Mei. Akarudi tena Septemba, safari hii akizungumza Kiitaliano, chenye makosa lakini kinachoeleweka. Ersilia alianza kumweka kando ya darasa na kumfundisha yale ambayo hakuwafundisha wengine: jinsi ya kujua kwa kidole kama yai limezidi, jinsi ya kukunja vile vikofia vya Krismasi vya unga vyenye nyama ndani, vya kupikwa kwenye supu, vidogo hivi kwamba kijiko kimoja kinabeba vitano. Mwanawe Ivano alikuwa mbali, Torino, na mke wake alinunua tambi za pakiti. Ersilia hakuwa amelifikiria jambo hilo kuwa huzuni mpaka alipompata wa kumwachia ufundi wake.

Jumapili moja, wakiwa wawili tu jikoni, Marijke aliinua unga wake dirishani. Ersilia alitazama muda mrefu.

"Umejua," alimwambia.

Marijke akaketi juu ya gunia la unga, akalia. Ersilia alimwachia alie. Alidhani anajua sababu.

Nevio alisema siku ya Jumanne, mwezi wa Februari, baada ya chakula cha mchana, koti likiwa tayari mwilini.

"Ersilia, nakwenda kwa Marijke."

Ersilia alikuwa akifuta meza. Akamwambia basi ambebee jibini ile kavu anayoipenda, iko kabatini, aifunge vizuri isimnukie ndani ya treni.

Nevio alishika kitasa cha mlango. "Hujanielewa, mke wangu. Sirudi."

Hakukuwa na kelele. Ersilia alimuuliza tangu lini, naye akajibu tangu Mei. Akamuuliza kama begi lake ni lile la bluu lenye zipu mbovu, naye akasema ndilo. Aliposikia lango la chini likifungwa alirudi kufuta meza, akaifuta mpaka kitambaa kikakauka.

Alhamisi walikuwa wanakuja wageni wanne kutoka Kanada. Ivano alimpigia akamwambia awafute, awaambie anaumwa. Ersilia alikataa. Alisema hajui afanye nini na mikono yake kwa siku tatu nzima. Asubuhi akawafundisha kama kawaida. Mchana akavaa viatu vya Nevio vya mvua, kwa kuwa vyake vilikuwa vinavuja, akawaongoza mwenyewe, bila hata neno moja la Kiingereza, akionyesha kwa kidole na kuwawekea vipande vinywani kama watoto. Wakanada walipendezwa sana. Buchani akaulizwa Nevio yuko wapi, akasema mgongo unamsumbua. Kwenye kinu cha zeituni akasema vilevile, na mgongo ukazidi kuwa mbaya kidogo.

Kwa Gaudenzio hakuulizwa. Mzee yule alikata jibini kwa uangalifu zaidi kuliko kawaida, akamtazama miguuni, akaviona viatu.

"Dada Ersilia," alisema kwa sauti ya chini, "alipita kuniaga Alhamisi iliyopita. Nilidhani nawe umekwisha kuambiwa."

Alhamisi iliyopita. Siku tano kabla ya kumwambia yeye, Nevio alikuwa amekwisha kumuaga mtu wa jibini. Ersilia alitabasamu kwa ajili ya wageni, akaomba kipande kingine, akakila kwa taabu.

Iride, dada yake Nevio, alikuja kila alasiri kwa mwezi mzima. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na alimtukana ndugu yake kwa bidii zaidi kuliko alivyowahi kumwombea marehemu mumewe.

"Wifi, yule nimezaliwa naye tumbo moja. Magoti mabovu, anakoroma, soksi zake mwenyewe hazioni. Atavumiliwa na nani zaidi ya wiki mbili? Kabla mapichi hayajachanua utamwona hapo langoni na lile begi lake."

"Akirudi, arudi," alisema Ersilia.

"Na huyo kijiti wa Kiholanzi—"

"Usimseme."

Iride akaduwaa. "Unamtetea?"

"Simtetei." Ersilia alitafuta namna ya kulisema jambo ambalo hakuwa amelisema hata moyoni. "Nevio nilimkuta ameshatengenezwa na mama yenu. Yule mwanamke nilimtengeneza mimi. Kila nilichonacho nilimpa. Nikilala sioni uso wake, Iride. Naona mikono yake. Nani mwingine atakuja na mikono kama ile? Nina miaka sitini na tano."

Iride alivuta kiti karibu na wifi yake na kumshika bega.

Mapichi yalichanua, yakaiva, yakachumwa, na Nevio hakuonekana. Karatasi za talaka zikaja, Ersilia akazitia saini. Aliendelea na madarasa, matembezi aliyaacha.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi wa mwaka wa pili, asubuhi, supu ikichemka taratibu na meza imejaa vikofia vilivyokunjwa nusu, simu ilipolia. Alipokea kwa mkono wenye unga.

"Signora," ilisema sauti ya kike upande wa pili, ikimwita bibi kwa Kiitaliano. Kisha, haraka: "Unga unanikatikia. Nimejaribu mara tatu. Unga wa huku ni mkavu, kila nikikunja unapasuka."

Nyuma ya sauti ile mtu alikohoa, na Ersilia alikijua kikohozi. Marijke akaanza kusema samahani, hakupaswa kupiga.

"Ongeza kiini kimoja cha yai," alisema Ersilia. "Ukande tena, uufunike kwa bakuli nusu saa. Usiusogeze karibu na jiko."

"Asante."

"Na ukate vipande vidogo zaidi. Najua umevikata vikubwa."

Akakata simu. Akanawa mikono, akarudi mezani, akachukua kipande cha unga, na vidole vikakataa. Alijaribu cha pili. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, akiwa amesimama, akijishikilia ukingo wa meza.

Iride alimkuta hivyo. Hakuuliza. Alivua koti, akafunga aproni, akaanza kukunja vikofia vilivyobaki, vikubwa, vimepinda, vingine wazi kabisa. Walivila hivyohivyo siku iliyofuata, pamoja na Ivano na mkewe, na nyama yote ilikuwa imemwagikia kwenye supu.